Kuingia Mia, Kutoka Mia na Mbili

Los Alamos ni mji mdogo uliojengwa juu ya magenge ya New Mexico, Marekani, na jina lake limebeba moto. Huko ndiko lilikoundwa bomu la kwanza la atomiki, lile lililojaribiwa katika jangwa la jimbo hilohilo alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945. Miaka 50 baadaye, mwaka 1995, maabara ya mji huohuo ilitoa taarifa nyingine inayohusu joto, fupi na isiyo na kishindo: kipande kidogo cha kioo kimepoa kwa sehemu tatu za kumi za digrii moja. Hakikuwekwa kwenye barafu wala hakikupulizwa upepo. Kilipoa kwa sababu kilimulikwa kwa leza.

Sehemu tatu za kumi za digrii ni kidogo mno. Mkono wa mtu hauwezi kuzihisi. Kwenye kipimajoto cha zahanati ni mistari mitatu tu. Lakini hata mstari mmoja ungetosha, maana swali lililokuwa likingoja jibu lilikuwa la ndiyo au hapana, na lilikuwa limengoja miaka 66.

Kila mtu ana ushahidi wa mwili wake mwenyewe kwamba mwanga huleta joto. Bati hulia kwa kutanuka saa saba mchana. Kipande cha chuma kilichoachwa juani hakishikiki. Leza ndiyo kabisa: viwandani hukata mabamba ya chuma kana kwamba ni vitambaa, na hospitalini madaktari huitumia kuchonga utando wa jicho. Kumwambia mtu anayekata chuma kwa leza kwamba mwanga huohuo unaweza kupoza ni kumtaka akane alichokiona kwa macho yake. Kwa hiyo jambo hili linafaa kuelezwa polepole, tangu mwanzo wake, kwa sababu uzuri wake wote umo katika hesabu.

Mwanzo huo unapatikana katika dawa ambayo watu wa Afrika Mashariki wanaijua sana. Mwaka 1852 mwanahisabati George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa profesa huko Cambridge, alichapisha andiko refu kuhusu vitu vinavyong'aa vikimulikwa. Kimojawapo kilikuwa kwinini, ileile chungu ya malaria iliyomezwa na vizazi kwa kukunja uso. Stokes aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo ukawa upinde wa rangi, kisha akaipitisha neli yenye maji ya kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Alipoifikisha pale ambapo zambarau inakwisha na jicho halioni tena kitu, maji yakawaka buluu. Mwanga usioonekana umeingia, unaoonekana umetoka. Stokes akatambua kanuni: kinachotoka huwa hafifu kuliko kilichoingia. Wimbi hurefuka, nishati hupungua, na kile kilichopungua hubaki ndani ya kitu kama joto.

Ni kama ushuru. Kila chembe ya mwanga inayopita huacha chochote mlangoni, na kinachoachwa ndicho joto linaloongezeka.

Hata hivyo ilijulikana kwamba mara mojamoja ushuru huo hugeuka. Mwanga hutoka ukiwa na nguvu kuliko ulivyoingia. Ziada hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Atomu za kitu chochote hazitulii. Hutikisika daima, na mtikisiko huo ndio tunaouita joto. Chembe ya mwanga inayotoka na ziada imeichota ziada hiyo kwenye mtikisiko. Wengi waliliona jambo hili kama kasoro ndogo pembeni mwa kanuni kubwa. Peter Pringsheim, mwanafizikia wa Ujerumani, aliliona kama mlango. Mwaka 1929 aliandika kwamba ikiwa mwanga wote unaotoka utakuwa umechota hivyo, basi kitu chenyewe hakina budi kupoa.

Pringsheim anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa. Dada yake Katia alikuwa mke wa mwandishi Thomas Mann, ambaye mwaka huohuo wa 1929 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Pringsheim huko Australia, alikokuwa amekwenda kwenye mkutano wa wanasayansi, akazuiliwa kambini kwa miaka kadhaa kama raia wa nchi adui. Na humo kambini akawa anaandika kuhusu mng'ao wa vitu. Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933, asili yake ya Kiyahudi ilimpokonya kazi yake Berlin. Akakimbilia Ubelgiji. Mwaka 1940 akakamatwa tena na kupelekwa kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa, na hatimaye akafanikiwa kuvuka kwenda Marekani. Alifariki Antwerp mwaka 1963. Hakujaliwa kuona hata kitu kigumu kimoja kikipoa kwa mwanga.

Wazo lake nalo lilipata mashitaka yake. Katika miaka ya 1940 Sergei Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mng'ao katika Umoja wa Kisovieti, alilikataa kwa hoja nzito. Sheria ya pili ya joto haimruhusu mtu achukue joto la kitu, aligeuze lote kuwa nishati bora, kisha mambo yaishie hapo bila gharama. Mwanga ni nishati bora. Joto ni nishati iliyochakaa. Mwanga unaochota joto na kutoka ukiwa umenenepa ulimwonekea Vavilov kama mashine inayojiendesha milele bila kula kitu, na mashine ya namna hiyo haipo.

Aliyelikata shauri ni Lev Landau, mwaka 1946, naye alilikata kwa kuuliza swali ambalo wenzake walikuwa wamelipita: je, mwanga wenyewe una utaratibu kiasi gani? Mwanga unaoingia hutoka upande mmoja, katika rangi moja iliyobanwa, kama askari wa gwaride. Unaotoka huelekea kila upande, katika rangi nyingi, kama watu wanaomiminika kutoka uwanjani baada ya mechi, kila mmoja na njia ya kwao. Fujo iliyokuwa ndani ya kitu haikupotea. Imebebwa na mwanga unaotoka. Landau aliipima fujo hiyo kwa hesabu, na mizani ikakubali. Sheria ya pili haikuguswa. Inashangaza kwamba alifanya hivyo miaka 14 kabla ya leza ya kwanza kuwaka, wakati hakukuwa bado na mwanga wenye nidhamu ya kutosha kuifanya kazi hiyo.

Kwa msomaji wa pwani au wa bara, mfano wa karibu zaidi ni mtungi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi hupitisha maji kidogokidogo kwenye ngozi yake, na kila anayeushika asubuhi huona unyevu huo. Chembe za maji zenye kasi kubwa ndizo zinazofaulu kuruka na kuwa mvuke. Zinaondoka na joto, na zinazobaki ni zile tulivu. Ndiyo maana maji ya mtungi huwa baridi hata siku ya kaskazi. Kioo cha Los Alamos nacho kinatoa jasho, ila jasho lake ni mwanga. Tofauti yao ni kubwa: mtungi usiku kucha hupungukiwa na maji, na ukisahauliwa utakauka. Kioo hakipungukiwi na chochote. Kiasi cha atomu zake ni kilekile jioni kama asubuhi, hakuna gesi inayozunguka, hakuna pampu, hakuna kinachotikisika ndani yake isipokuwa ule mtikisiko unaoondolewa.

Ili kioo kiweze kutoa jasho hilo, lazima kitiwe kiungo. Kiungo hicho ni iterbi, metali inayobeba jina la Ytterby, kijiji cha Sweden chenye machimbo ya mawe karibu na Stockholm. Mwaka 1787 ofisa wa jeshi Carl Axel Arrhenius aliokota hapo jiwe jeusi zito ambalo hakulitambua, na wanakemia wakaendelea kulichambua kwa vizazi. Elementi nne zimepewa jina la kijiji hicho kimoja: itri, terbi, erbi na iterbi. Hakuna mahali pengine duniani palipoheshimiwa hivyo katika jedwali la elementi.

Ndani ya kioo, kila ayoni ya iterbi ni kama nyumba ya ghorofa moja juu. Chini kuna vyumba vinne, juu kuna vitatu, na hakuna ghorofa nyingine karibu. Joto la kawaida la chumba linatosha kuisukuma elektroni kutoka chumba hadi chumba kwenye sakafu ileile, lakini halitoshi hata kidogo kuipandisha juu. Kupanda ni kazi ya leza. Na ujanja uko hapa: leza huchaguliwa rangi yake kwa uangalifu ili imchukue mkaaji wa chumba cha juu kabisa cha sakafu ya chini, imfikishe katika chumba cha chini kabisa cha sakafu ya juu. Ni safari fupi kuliko zote. Akishafika, mtikisiko wa kioo humhamisha papo hapo, humsukuma hadi vyumba vya juu zaidi, na kila msukumo ni joto linalotoka kioo kwenda kwake. Hukaa huko sehemu kama ya elfu moja ya sekunde, muda mrefu sana kwa elektroni. Kisha hushuka, na kwa wastani hushuka kutoka juu zaidi kuliko alipopandishwa, hadi chini zaidi kuliko alipochukuliwa. Mwanga anaoutoa akishuka una nguvu kuliko mwanga uliompandisha.

Tofauti hiyo ni ndogo. Katika kioo cha 1995 mwanga ulioingia ulikuwa na wimbi la nanomita 1,015 hivi. Uliotoka, kwa wastani, nanomita 995. Anayependa hesabu atagawanya: ni ziada ya asilimia mbili. Kioo kikinywa nishati ya shilingi mia, kitatapika mia na mbili, na zile mbili zimetoka katika joto lake.

Mbili kwa mia. Biashara yenye faida hiyo haina nafasi ya kosa. Tuseme kati ya ayoni mia zilizopandishwa, mbili tu hazikurudisha mwanga, zikauachia ndani ya kioo kama joto. Faida yote imeliwa. Zikiwa tatu, kioo kinapata joto, na leza imerudi kuwa leza ya kawaida inayochoma. Ndiyo sababu mwanafizikia Mfaransa Alfred Kastler alipopendekeza mwaka 1950 kwamba metali za jamii hii zinaweza kufaa, ilikuwa bado ndoto. Ndiyo sababu Kushida na Geusic, watafiti wa Marekani waliojaribu kwa fuwele mwaka 1968, walifanikiwa kupunguza joto linaloongezeka lakini hawakuweza kuligeuza. Sheria ilikuwa imeruhusu tangu Landau. Kilichokuwa kikizuia ni uchafu.

Na hapo ndipo palipo kiini cha habari hii, ingawa wanaoisimulia huwa wanakimbilia leza kwa kuwa ndiyo inayometa. Kupoza kioo kwa mwanga ni kazi ya usafi kuliko ilivyo kazi ya mwanga. Ayoni ya chuma iliyoponyoka mtamboni, ya shaba, au maji yaliyojificha ndani ya kioo kama jozi ya oksijeni na haidrojeni: kila kimoja cha hivi hunyonya nishati ya iterbi na kuigeuza joto kimyakimya. Kiasi kinachoweza kuharibu kazi hupimwa kwa sehemu moja katika bilioni. Sehemu moja katika bilioni ni sawa na sekunde moja katika miaka 31 na ushei. Alama ya kidole kwenye uso wa kioo, ile ambayo mtu anaifuta kwenye miwani yake kwa ncha ya shati, inatosha kuharibu jaribio.

Kioo kilichokubali kwanza hakikuwa cha dirisha. Katika mji wa Rennes, Ufaransa, katikati ya miaka ya 1970, ndugu Poulain pamoja na Jacques Lucas walikuwa wakitafuta fuwele za floraidi wakakuta wametengeneza kioo bila kukusudia. Kutokana na ugunduzi huo kikaja kioo kiitwacho ZBLAN, mchanganyiko wa floraidi za zirkoni, bari, lanthani, alumini na sodiamu. Atomu zake ni nzito na hutikisika taratibu, na hiyo ni neema kubwa: katika kioo kinachotikisika kwa nguvu, ayoni iliyopandishwa huweza kuitupa nishati yake yote kwenye mtikisiko kabla haijatoa mwanga. ZBLAN humpa mkaaji wa ghorofani utulivu wa kungoja.

Richard Epstein, aliyeongoza kundi la Los Alamos, alitoka katika elimu ya nyota. Pamoja na wenzake wanne alichukua kioo cha jamii ya ZBLAN kilichotiwa iterbi, akakiweka ndani ya ombwe ili hewa isikirudishie joto, akakimulika. Anayetazama kazi ya namna hii kwa macho matupu haoni kitu. Mng'ao wa iterbi uko karibu na nanomita 1,000, na jicho la binadamu huchoka kwenye 700 hivi. Chumbani ni giza na ukimya. Kioo huwa kimeegemea nyuzi nyembamba ili kisiguse chochote kipana. Kamera ya joto pekee ndiyo inayoshuhudia: picha inayoonyesha kila kitu chenye joto kwa mwangaza wa rangi huanza kuwa na kiraka kinachofifia, na kiraka hicho ni kile kitu kilichomulikwa. Vikionekana vimulimuli vya kijani ndani yake, mtafiti huhuzunika, kwa sababu kijani ni alama ya erbi, ndugu wa kijiji kimoja, aliyeponyoka akaingia asikoalikwa. Taarifa ya kundi hilo ilichapishwa katika jarida la Nature.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1999 uzi mwembamba wa kioo cha ZBLAN ulishushwa digrii 65 kutoka joto la chumba. Mwaka 2005 kikapatikana kioo kilichofika digrii 65 chini ya sifuri. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, chini ya Mansoor Sheik-Bahae, wakahamia kwenye fuwele za floraidi ya itri na lithi zilizokuzwa Pisa, Italia. Fuwele si kioo. Atomu zake zimepangwa kama matofali, na mpangilio huo hufanya vyumba vya ayoni viwe na milango iliyonyooka ambayo leza huilenga kwa urahisi. Mwaka 2010 fuwele hizo zilifika digrii 118 chini ya sifuri, na mwaka 2016 digrii 182 chini ya sifuri. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu, maana wakaaji wa chumba cha juu cha sakafu ya chini, wale leza inaowategemea, huwekwa humo na joto. Joto likipungua chumba hubaki kitupu, na leza hubisha mlango usio na mtu.

Hadi hapo silika ilikuwa nje. Silika ndiyo kioo hasa: ndiyo dutu kuu ya mchanga mweupe, ndiyo iliyo katika dirisha na chupa, na katika hali yake safi kuliko zote ndiyo nyuzi za mikongo ya mawasiliano. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009 na kuziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa njia ya bahari, kilichobeba maneno ya watu kilikuwa silika. Na kila baada ya makumi ya kilomita chini ya maji kuna kikuza mwanga, ambacho ndani yake umo uzi wa silika uliotiwa erbi, yule ndugu wa Ytterby, akiupa nguvu mwanga uliochoka. Kioo hiki ni imara, ni rahisi kuvutwa kuwa uzi, hakiogopi maji kama kinavyoogopa kioo cha floraidi. Kama kingekubali kupoa kwa mwanga, manufaa yangekuwa makubwa.

Lakini kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hakiwezi. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: silika hutikisika kwa nguvu kuliko floraidi, hupenda kushika maji, na zaidi ya yote haiipokei iterbi vizuri. Ayoni zake zikiingizwa humo hazitawanyiki, hujikusanya mafungu mafungu, na ayoni zilizobanana hupokezana nishati mkono kwa mkono hadi ikaangukia kwenye uchafu. Kila aliyejaribu alipata joto, na kila joto lililopatikana likahesabiwa kuwa uthibitisho.

Arash Mafi na wenzake wa New Mexico waliliangalia suala hilo upya. Walijiuliza kama kosa liko katika silika yenyewe au katika namna ilivyotengenezwa, na hesabu zao zikawaonyesha kwamba utikisikaji wa silika haukuwa mbaya kama ulivyodhaniwa. Kilichobaki ni kuipata safi, tena yenye iterbi iliyotawanyika. Taasisi ya Fraunhofer ya mjini Jena, Ujerumani, ilikuwa na ujuzi huo. Silika ya daraja hili haiyeyushwi kutoka mchanga wa ufukweni. Hujengwa tabaka kwa tabaka kutokana na mvuke uliosafishwa, na alumini pamoja na fosforasi hutiwa ili ziikalishe iterbi mbalimbali, kama mwalimu anayewatenganisha wanafunzi wapiga soga. Mwaka 2020 walitangaza kwamba silika imepoa kwa digrii 0.7. Mwaka huohuo kundi la Michel Digonnet katika Chuo Kikuu cha Stanford, likitumia nyuzi za silika za muundo tofauti na bila kuziweka katika ombwe, nalo likaona baridi: sehemu kama 50 za elfu za digrii, hewani, mezani.

Vipimo hivyo viwili viliangusha imani ya robo karne. Ni vizuri kuliangalia jambo hilo bila kuwacheka waliokuwa na imani hiyo, kwani walikuwa na data. Data zao zilisema kweli kuhusu vioo walivyokuwa navyo. Zilikosea zilipotumiwa kuvisemea vioo ambavyo hakuna aliyekuwa ametengeneza. Vavilov alikuwa amekosea kwa namna inayofanana na hiyo, alipoihukumu nuru bila kuhesabu fujo inayoibeba. Mara mbili katika historia hii fupi neno "haiwezekani" limebandikwa kwenye mlango usiokuwa umefungwa.

Matumizi yake yapo, na yanafaa kutajwa kwa kipimo chake. Mwaka 2018 watafiti wa Los Alamos na New Mexico walionyesha kwa mara ya kwanza kifaa kamili: fuwele iliyopozwa kwa leza ikakipoza nayo kihisi cha miale ya joto hadi digrii 138 chini ya sifuri, bila hata kipande kimoja kinachosogea. Kwa setilaiti zinazotazama ardhi au nyota, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu friji za kawaida za angani zina pistoni, na pistoni hutikisa picha. Kwa maabara zinazopima wakati kwa usahihi wa hali ya juu, ambako mtetemo mdogo tu huharibu kipimo, manufaa ni yaleyale.

Matumizi ya pili yanaihusu leza yenyewe. Leza zenye nguvu hutaabishwa na joto zinalolizalisha. Kioo chake hupinda, mwanga ukavurugika. Mwaka 1999 Steven Bowman, wa maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, alipendekeza leza inayojipoza kwa mng'ao wake yenyewe wakati ikifanya kazi, joto linaloingia lilingane na linalotoka. Mwaka 2021 watu wa Stanford walitengeneza leza ya namna hiyo kwa uzi wa silika. Nguvu yake ilikuwa ndogo, karibu sehemu moja ya kumi ya wati. Lakini iliwaka, na uzi wake haukupata joto.

Nyumbani mambo yatabaki yalivyo. Njia hii hula umeme mwingi kwa baridi kidogo. Leza yenyewe hupata joto inapozalisha mwanga, na mng'ao unaotoka kwenye kioo lazima umezwe na kuta za chombo, ambazo hupata joto jingi kuliko lile lililoondolewa. Sheria ya pili inakusanya deni lake mlango wa nyuma, kama alivyojua Landau. Samaki wa soko la feri wataendelea kulala juu ya barafu, na barafu itaendelea kutoka kwenye kompresa. Anayeahidi friji ya leza jikoni hajaisoma hesabu ya mia na mia na mbili.

Heshima ya kazi hii huwaendea wanafizikia, kwa kuwa majina yao ndiyo yanayotangulia kwenye makala. Haki ingekuwa kuigawa nusu kwa nusu na wale wa Rennes, Pisa na Jena, wanakemia na mafundi wa tanuri waliovaa glavu na kuchuja, wakachuja tena, hadi pasibaki kitu cha kuchujwa isipokuwa sehemu moja au mbili katika bilioni. Pringsheim alihitaji kalamu na karatasi. Landau naye hivyohivyo. Miaka iliyobaki yote ilitumika kuosha.

Mwaka 2024 watafiti wa New Mexico na Jena walichapisha kipimo kipya cha silika iliyotiwa iterbi. Kutoka joto la kawaida la chumba, kwa mwanga peke yake, ilikuwa imeshuka digrii 67.